Zulia Lililoliwa na Jiki: Namna ya Kulirudishia Rangi

Tone la jiki likianguka kwenye zulia la kahawia huacha baka la rangi ya chungwa lisilotoka kwa sabuni, wala kwa siki, wala kwa mswaki. Halitoki kwa sababu hakuna cha kutoka. Doa la chai ni kitu kilichoongezeka juu ya uzi. Baka la jiki ni kitu kilichopungua ndani ya uzi. Anayelisugua kwa dawa za madoa anachakaza manyoya ya zulia bure, na mara nyingi analipanua baka lenyewe. Tiba yake ni kurudisha rangi iliyoondoka, kwa kiasi kile kile kilichoondoka, kidogo kidogo.

Baka la ukubwa wa sarafu hadi kiganja unaweza kulishughulikia mwenyewe nyumbani. Likizidi sahani ya chakula, itafutie kazi hiyo fundi wa mazulia, kwa sababu kulinganisha rangi kwenye eneo pana kunataka mkono uliozoea. Vivyo hivyo kwa zulia la Kiajemi lililofumwa kwa mkono au zulia la hariri, hata kama baka ni dogo kama punje ya hindi. Thamani yake ni kubwa mno kujifunzia.

Hakikisha kwanza kuwa rangi imeondoka kweli

Lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kikandamize juu ya baka kwa dakika moja, kisha kitazame. Kikibeba uchafu wowote, endelea kusafisha mpaka kitoke cheupe, maana rangi mpya ikipakwa juu ya uchafu hushika uchafu na kuondoka nao. Kikitoka cheupe tangu mwanzo na baka liko vile vile, rangi imekwenda.

Si jiki peke yake inayofanya hivi. Krimu za chunusi zenye benzoili peroksaidi huacha vidoa vya njano au chungwa karibu na kitanda au pale taulo linapoangushwa, na huonekana baada ya muda, wakati mwenye krimu ameshasahau. Dawa ya choo yenye asidi hutembea na nyayo kutoka bafuni. Mkojo wa paka ukikaa muda mrefu hula rangi pia. Jua la dirishani ni jambo lingine kabisa: hufifisha zulia kwa utepe mpana usio na mwisho wa wazi, na kuufuatisha utepe huo kwa rangi ni kazi isiyofaa kuanzishwa. Hapo sogeza kabati au weka pazia zito.

Jua uzi kabla ya kununua rangi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu hununua rangi, wakachanganya vizuri, wakapaka kwa uangalifu, halafu yote ikatoka kwenye kitambaa siku ya pili. Rangi haikuwa na kosa. Uzi ndio haukuwa wa kunywa rangi.

Nyuzi za mazulia ziko za namna nyingi, lakini kwa kazi hii zigawe mafungu mawili. Sufu na nailoni hunywa rangi kwenye maji ya moto yenye asidi kidogo, na siki ya jikoni inatosha. Polipropilini na poliesta hazinywi. Polipropilini hutiwa rangi kiwandani wakati plastiki bado imeyeyuka, kabla haijawa uzi. Poliesta inataka rangi za aina yake na joto la mtambo linalopita lile la maji yanayochemka. Hakuna ujanja wa nyumbani utakaobadilisha hilo.

Mazulia mengi ya Uturuki yaliyofumwa kwa mashine, yale yanayosimamishwa yamekunjwa mbele ya maduka ya Kariakoo na Eastleigh, ni ya polipropilini. Yale ya manyoya marefu laini yanayopendwa sebuleni mara nyingi ni poliesta. Kapeti za ukuta kwa ukuta za ofisi na hoteli, kwa upande mwingine, ni nailoni mara nyingi, na ndugu zetu waliopanga Marekani au Uingereza hukuta nailoni, poliesta au sufu kwenye nyumba za kupanga, ambako baka moja la jiki linaweza kukatwa kwenye amana ya pango. Usikisie. Geuza pembe ya zulia utafute kibandiko cha mtengenezaji. Kama hakipo, pima.

Kata manyoya machache kwenye ukingo uliojificha. Kwanza yatumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, uyaminye ndani ya maji hadi hewa yote itoke. Yakipanda juu na kuelea, hiyo ni polipropilini, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Nyuzi nyingine za kawaida za mazulia huzama.

Zikizama, ziwashe. Shika kishungi kidogo kwa kibano cha chuma juu ya sahani ya maji, mbali na watoto na mapazia. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto wake huzimika wenyewe, na majivu yake meusi husagika kwa vidole. Uzi unaonuka karatasi inayoungua na kuacha majivu laini ni pamba au viskosi. Nailoni na poliesta zote huyeyuka na kuacha kipunje kigumu kisichosagika; poliesta hutoa moshi mweusi zaidi, lakini kuzitofautisha kwa harufu tu kunataka uzoefu.

Kwa hiyo malizia na jaribio la tatu, ambalo ndilo ninaloliamini kuliko yote. Punguza kwa mkasi ncha chache za nyuzi kutoka kwenye baka lenyewe, kwa sababu hizo ndizo utakazozitia rangi. Zisuuze kwanza kwa maji mengi zisibaki na jiki, kisha zitie kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka, vijiko viwili vya chakula vya siki nyeupe na matone machache ya rangi ya chakula nyekundu. Funika dakika kumi, kisha zioshe kwa sabuni. Zikitoka nyekundu, endelea na mwongozo huu bila wasiwasi. Zikitoka kama zilivyoingia, ruka hadi sehemu ya mwisho inayohusu kiraka. Kuna nailoni ambazo kiwandani zilitibiwa zisishike madoa, na tiba hiyo huzuia rangi pia. Jaribio hili litakuonyesha hata hizo.

Ua jiki iliyobaki

Jiki ni sodiamu haipokloriti iliyozimuliwa kwa maji. Ikiwa bado imo ndani ya uzi, itakula na rangi mpya utakayoweka. Baka la juzi ni la hatari zaidi kuliko la mwaka jana, lakini yote yaoshe.

Anza na maji matupu. Mimina kidogo, nyonya kwa taulo, mimina tena, nyonya tena, mara nne au tano, bila kusugua. Kisha tumia kizimishi. Kilicho bora ni sodiamu thaiosalfeti, chumvi ile iliyotumiwa na wapiga picha wa enzi za filamu na ambayo hadi leo wauzaji wa samaki wa mapambo huitumia kuondoa klorini kwenye maji ya matangi. Koroga kijiko kimoja cha chai ndani ya nusu lita ya maji ya uvuguvugu, lowesha baka, subiri dakika kumi, kisha suuza. Usipoipata, nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda. Ikikutana na haipokloriti hutoa mapovu ya oksijeni na kubaki maji na chumvi. Mapovu yakikoma, suuza mara moja, kwani peroksaidi yenyewe ikiachwa inaweza kufifisha rangi ya pembeni.

Sasa jambo ambalo naomba ulishike kuliko mengine yote humu: usitie siki, limau, wala dawa ya choo yenye asidi juu ya jiki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na ndani ya chumba kilichofungwa inaweza kuua. Amonia na jiki pia hazikutani. Siki tutaihitaji baadaye kwa ajili ya rangi, ndiyo maana hatua hii ya kuzimisha na kusuuza haina njia ya mkato. Fungua madirisha tangu mwanzo wa kazi.

Baka likikauka, dondoshea tone moja la maji yenye rangi hafifu ya chakula katikati yake na ungoje nusu saa. Rangi ya tone ikififia yenyewe, jiki bado ipo, rudia kuzimisha. Ikibaki kama ilivyo, lisuuze tone hilo kwa sabuni uendelee.

Gusa pia nyuzi kwa vidole. Jiki huyeyusha sufu, na sufu iliyoumia huwa ngumu na yenye kukatika. Sufu ya namna hiyo hunywa rangi haraka na kwa wingi kuliko iliyo salama, kwa hiyo utaizimua rangi zaidi ya kawaida. Nyuzi zikikatika zikivutwa kidogo tu, usihangaike na rangi, weka kiraka.

Soma baka linakosa rangi gani

Kahawia, kijivu, rangi ya udongo, rangi ya mchanga: karibu zote ni nyekundu, njano na bluu zilizochanganywa kwa vipimo tofauti. Jiki haili rangi hizi kwa pamoja. Kwa kawaida bluu hutangulia kuondoka, nyekundu hufuata, na njano huwa ya mwisho. Ndiyo sababu mabaka mengi ya jiki ni ya chungwa au njano, hata zulia lenyewe likiwa la kijivu.

Basi baka lenyewe linakuambia dawa yake. Likiwa la chungwa, limebaki na njano na nyekundu, kwa hiyo linahitaji bluu. Likiwa la njano, linahitaji nyekundu na bluu. Likiwa jeupe, rangi zote tatu zimeondoka na utaanza upya. Likiwa la waridi kwenye zulia la kahawia, limepoteza bluu na njano, yaani linataka kijani.

Watu wengi hukosea kwa kuchanganya kahawia kamili inayofanana na zulia na kuipaka juu ya baka la chungwa. Matokeo yake ni kahawia iliyoelemea wekundu, kwa sababu chungwa lililokuwemo halikuondoka, limejumlishwa. Wakati mwingine baka la chungwa kwenye zulia la kahawia hutaka bluu iliyozimuliwa tu, wala hutahitaji rangi nyingine yoyote. Ukiliona bluu ya maji ikianguka kwenye chungwa na kahawia ikatokea yenyewe mbele ya macho yako, utaelewa kazi hii kuliko maelezo yoyote.

Fanya usomaji huu mchana, kwa mwanga wa dirishani. Taa za ndani hudanganya: rangi mbili zinaweza kulingana chini ya balbu na zikaachana kabisa asubuhi.

Rangi ipi inunuliwe

Zinazofaa zaidi ni rangi za asidi, zinazouzwa kwa ajili ya sufu, hariri na nailoni. Zinunue tatu tu, nyekundu, njano na bluu. Rangi nyeusi iache dukani, maana kwenye baka dogo hufanya kivuli kizito kisichorekebishika.

Pale zisipopatikana, rangi nyingi za chakula za maji au unga zina asili ya kemia hiyo hiyo, ikiwemo ile ya njano inayotiwa kwenye biriani, na hushika sufu na nailoni zikipata siki na joto. Udhaifu wake ni jua: hufifia mapema kuliko rangi za nguo. Kwa baka lililo chini ya meza ya sebuleni zinatosha. Kwa baka lililo mlangoni kwenye mwanga mkali, tafuta rangi za asidi. Rangi za unga za pakiti zinazouzwa kwa nguo za kila aina hufanya kazi pia, kwa sababu humo ndani mna sehemu inayoshika sufu na nailoni.

Rangi za batiki ziache kabisa. Nyingi huchanganywa na kostiki soda na haidrosi. Kostiki huila sufu, na haidrosi huondoa rangi, kwa hiyo zinaweza kukuongezea baka badala ya kulifuta. Wanaotia rangi ukili wa mikeka huchemsha ukili ndani ya sufuria ya rangi, na joto hilo ndilo hufanya rangi iive. Zulia haliingii sufuriani, nasi itatubidi tupeleke joto kwenye uzi kwa njia nyingine.

Kuchanganya

Vaa glavu, na unapofungua rangi ya unga funika pua, kwani vumbi lake ni jepesi sana na punje moja ikitua kwenye zulia lenye unyevu huwa kidoa kipya. Changanyia jikoni au nje, usichanganyie juu ya zulia.

Kwa kila rangi, koroga robo ya kijiko cha chai cha unga ndani ya nusu lita ya maji ya moto hadi iyeyuke yote. Hayo ndiyo maji mama; yaweke kwenye chupa tatu zenye alama. Usiyapake hivyo yalivyo. Kwa zulia la rangi ya mchanga au kijivu chepesi, chukua kijiko kimoja cha chai cha maji mama utie kwenye kikombe cha robo lita ya maji ya moto pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe. Kwa kahawia iliyokoza au bluu nzito, anza na vijiko viwili vya chakula vya maji mama kwa kikombe hicho hicho. Kwa rangi ya chakula ya maji, matone mawili au matatu kwa kikombe yanatosha kuanzia.

Utaiona imezimuka mno, kama chai iliyotiwa maji mara ya pili. Ndivyo inavyotakiwa. Rangi hafifu ikipakwa mara sita inakupa nafasi sita za kusimama. Rangi kali ikipakwa mara moja haikupi hata moja.

Ijaribu kwanza kwenye ncha za nyuzi ulizokata, au kwenye ukingo uliojificha. Zikaushe kabisa ndipo uzitazame, kwa sababu uzi ulioloa huonekana umekolea kuliko ulivyo.

Kupaka

Andaa vyote karibu kabla hujapiga magoti: vikombe vya rangi, bomba la sindano lisilo na sindano la mililita 5 au kitone cha macho, vijiti vya pamba, mswaki mkuukuu laini, vitambaa vyeupe vingi, pasi, na draya ya nywele kama ipo. Kata tundu kwenye kipande cha kadibodi, dogo kidogo kuliko baka, ukilaze juu yake. Kadibodi hiyo inalinda zulia zima dhidi ya matone.

Nyunyizia baka maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, liwe na unyevu lakini lisiloe. Uzi mkavu hunywa rangi kwa mistari, na uzi ulioloa chapachapa huitawanya rangi hadi pembeni.

Dondoshea rangi katikati ya baka, tone baada ya tone, kisha isambaze kwa mswaki kutoka ncha za manyoya kwenda chini, ukisimama milimita tatu au nne kabla ya ukingo. Ukingo usiuguse kwa sasa. Unyevu wenyewe utabeba rangi kidogo hadi pale, na ukiutia rangi moja kwa moja utapata pete nyeusi kuzunguka baka, kosa linaloonekana kuliko lote na gumu kuliko yote kuliondoa. Mwishoni, ukingo ukibaki mwepesi, utaugusa kwa kijiti cha pamba kilichokamuliwa hadi karibu kukauka.

Kama unaanza na baka jeupe, mimi hutanguliza njano, nikafuata nyekundu, nikamaliza na bluu. Njano ikizidi inavumilika. Bluu ikizidi huonekana toka mlangoni, ndiyo maana hungoja zamu ya mwisho na huingia ikiwa imezimuliwa zaidi ya wenzake.

Baada ya kila mpako, ngoja dakika tano, nyonya unyevu kwa kitambaa cheupe kwa kukandamiza, kisha kausha kishungi kimoja kwa draya na ukitazame mchana kikiwa kikavu. Hapo ndipo uamue kama kuna mpako mwingine. Hatua hii inachosha, na wengi huiruka wakaona baka limelingana likiwa na maji, kesho yake wakalikuta limepauka nusu. Wengine hufanya kinyume: wanaongeza rangi hadi ilingane ikiwa imeloa, likikauka rangi iliyokuwa chini ikapanda juu ya manyoya na baka likawa jeusi kuliko zulia. Simama ukiwa umebakiza kama sehemu moja ya kumi ya ukolevu. Jicho husamehe baka lililopauka kidogo ndani ya zulia linalokanyagwa, lakini lililokolea zaidi ya jirani zake huvutia macho ya kila anayeingia.

Zulia lenye rangi mbili tatu ndani ya uzi mmoja, yale ya madoadoa, halitaki rangi moja kila mahali. Paka rangi nyepesi kwanza kote, kisha tumia kijiti cha meno kuchovya ncha chache na rangi nzito, ukifuata mpangilio wa pembeni.

Kuivisha rangi

Rangi iliyopakwa bila joto imekaa juu ya uzi tu. Tandaza kitambaa cheupe chenye unyevu wa siki na maji juu ya baka. Pasi ya mvuke ishike juu ya kitambaa bila kuikandamiza, umwage mvuke sekunde kumi na tano, uinue, urudie mara saba au nane. Pasi ya kawaida hufaa ikishikwa vivyo hivyo juu ya kitambaa kilicholoa vizuri. Usiiache ilale: nailoni ya kawaida ya mazulia huyeyuka kwenye nyuzi joto 220 hivi, na pasi iliyowashwa kwenye kiwango cha joto cha nguo za pamba inakaribia hapo. Gundi ya mgongoni mwa zulia nayo haipendi moto wa muda mrefu.

Funika eneo kwa plastiki nyembamba ya kufunikia chakula nusu saa libaki na joto, kisha suuza kwa maji baridi na unyonye mpaka kitambaa kitoke cheupe. Rangi kidogo itatoka mara ya kwanza na ya pili, na hiyo ni ziada isiyoshika. Ikiendelea kutoka mara ya tano, joto halikutosha, rudia mvuke.

Kausha kwa feni, na usiruhusu watu wapite hadi kesho. Zulia la msikitini, linalokanyagwa na nyayo zenye maji ya udhu mara tano kwa siku, ongezea mvuke mara mbili ya hapo na ujaribu kwa kitambaa cheupe kilicholoa kabla ya kufungua safu hiyo.

Mambo yakienda upande

Rangi ikizidi na bado hujatia mvuke, unayo nafasi nzuri: maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo huivuta nje. Baada ya mvuke ni vigumu zaidi, kwa hiyo sahihisha yote kabla ya pasi.

Rangi ikielemea upande, iongoze na ile iliyo kinyume chake. Imekuwa kijani, gusa kwa nyekundu iliyozimuliwa sana. Imekuwa zambarau, njano kidogo. Imebaki chungwa, bluu. Imezidi wekundu, bluu na njano pamoja. Kila sahihisho huongeza uzito wa rangi, ndiyo maana usahihishe kwa rangi dhaifu kuliko uliyotumia mwanzo, na si zaidi ya mara mbili.

Zulia lisilonywa rangi

Kama nyuzi zako zilielea, au zilitoka kwenye kikombe cha siki bila kushika rangi, kalamu za wino wa kudumu na rangi za viatu zitafunika baka kwa siku chache tu, kisha zitahamia kwenye soksi na miguu. Na kwa polipropilini litazame baka tena: jiki kwa kawaida haiwezi rangi iliyomo ndani ya plastiki, kwa hiyo unachokiona huenda ni mafuta yaliyonasa uchafu, au uzi ulioungua kwa kaa la udi. Mafuta husafishika. Kaa la udi linataka kiraka.

Tafuta kipande cha zulia hilo hilo: baki lililosalia siku ya kutandika, au sehemu ya ndani ya kabati au chini ya sofa isiyohamishwa. Pitisha vidole juu ya manyoya ujue yanalala upande gani, uweke alama ya mshale kwa chaki kwenye zulia na kwenye kipande, maana kiraka kilichogeuzwa huonekana rangi tofauti hata kama ni cha zulia hilo hilo. Lalisha kiraka juu ya baka, fuatisha ukingo wake kwa kisu kikali cha kukatia kapeti, ukate mgongo tu bila kuyakata manyoya. Yatenganishe kwanza kwa ncha ya bisibisi. Ondoa sehemu mbovu, bandika utepe wenye gundi pande mbili chini ya ukingo wote wa tundu, ukae nusu ndani ya tundu na nusu chini ya zulia. Paka gundi ya mazulia kwenye kingo, si kwenye manyoya, utumbukize kiraka mishale ikielekea upande mmoja. Kandamiza kwa kitu kizito usiku kucha, kisha asubuhi chambua manyoya ya mpaka kwa sindano na upunguze kwa mkasi yale yaliyochomoza.